Dini ya Mfalme, Mzimu wa Mji

Ukitoka Chake Chake ukaelekea kusini-mashariki, safari ya kilomita zipatazo kumi inakufikisha Pujini, kijiji cha wakulima na wavuvi karibu na pwani ya mashariki ya Pemba. Hapo, kati ya minazi na mabonde ya mpunga, yamo magofu ambayo wenyeji huyaita kwa Mkama Ndume. Kuna ukuta mnene wa udongo na mawe uliozunguka eneo la karibu hekta moja na nusu, na upande mmoja kuna mkondo wa maji uliounganisha boma na bahari. Pwani ya Waswahili ina magofu mengi ya miji: Gedi, Takwa, Songo Mnara, Kilwa Kisiwani. Pujini ni ya namna yake. Ni ngome iliyojengwa na watu wa hapa hapa katika karne ya 15, kabla merikebu ya Mreno haijaonekana upeoni.

Mwenye ngome hakuacha sifa njema. Kukama ni kukamua, kama mtu anavyokama ng'ombe, na huyu bwana alisifika kwa kuwakama wanaume. Husimuliwa kwamba waliojenga ukuta wake walibeba mawe vichwani huku wakijiburuza kwa makalio, wamekatazwa kusimama. Husimuliwa pia kwamba alikuwa na wake wawili wasioonana uso kwa uso, naye akajenga ukuta katikati ya kisima, mmoja ateke kwa ndoo na kamba, mwenzake ashuke kwa ngazi. Wengine humpa jina la Muhammad bin Abdulrahman na kumnasibisha na Washirazi. Wengine huwataja Wadiba, watu waliokuja kwa vyombo kutoka visiwa vya mbali. Na hata magofu ya Chwaka kule Tumbe, kaskazini ya kisiwa, yanahusishwa naye kupitia mwanawe, Haruni.

Hadithi hizo zimeandikwa na wengi. Pearce, aliyekuwa mwakilishi wa Waingereza Unguja, aliieleza Pujini katika kitabu chake cha mwaka 1920, na Ingrams akafuata mwaka 1931. Lakini jambo lililonifanya niandike makala haya liko chini ya ardhi. Ndani ya boma kuna ngazi inayoteremka hadi chumba kilichochimbwa ardhini, na katika ukuta wa chumba hicho, kwa chokaa iliyofinyangwa ikatokeza juu ya ukuta, kuna umbo la siwa. Mwanaakiolojia Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia, aliyefanya uchimbaji Pujini katika miaka ya 1980 na 1990, anakiona chumba hiki kuwa mahali pa ibada ya siri ya mtawala na watu wake wa karibu. Siwa ni baragumu kubwa ya pembe za ndovu au ya shaba, kama zile mashuhuri za Pate na Lamu. Hakuna aliyeipuliza bila idhini ya wenye mji, na ilisikika katika siku kubwa: harusi za watu wa daraja, tohara, Idi, kutawazwa kwa mfalme. Sasa siwa hiyo ipo chini ya ardhi, gizani, katika kisiwa ambacho Uislamu wake tayari ulikuwa na umri wa karne kadhaa.

Je, chumba kile ni cha dini?

Kwa Mpemba wa leo jibu ni jepesi. Dini ipo msikitini na chuoni. Chini ya ngazi zile ni mzimuni. Mtu aweza kwenda kote kuwili, lakini haviiti kwa jina moja. Na jibu hilo jepesi lina historia ndefu kuliko ngome yenyewe. Mpaka kati ya dini na mzimu haukuwekwa siku moja wala na mtu mmoja. Umesogezwa mara nyingi, na kila aliyeusogeza alikuwa na sababu zake. Naamini mtu hawezi kuifahamu Pujini bila kufuata nyayo za neno lenyewe.

Mtu wa kwanza anayejulikana kuandika kwa urefu kuhusu imani za watu wa pwani hii ni Al-Masudi, msafiri wa Baghdad. Safari yake ya mwisho kutoka kisiwa cha Qanbalu kwenda Oman ilikuwa mwaka 304 wa Hijra, yaani 916 au 917 Miladia. Wanahistoria wengi wanaitafuta Qanbalu hapa Pemba, na Ras Mkumbuu, rasi iliyo magharibi ya Chake Chake yenye msikiti mkubwa wa kale, ndipo mahali panapotajwa zaidi. Al-Masudi aliandika kwamba kisiwani humo Waislamu waliishi pamoja na Wazanji wasiokuwa Waislamu, na kwamba Waislamu hao nao walisema Kizanji. Kisha akaeleza habari za Wazanji wa bara kwa maneno ambayo, nikiyasoma, huona yanapingana yenyewe kwa yenyewe. Akasema hawana sharia. Kila mmoja huabudu akipendacho, mti au mnyama au jiwe. Papo hapo akasema wana wahubiri wenye ufasaha mkubwa, ambao husimama mbele ya watu na kuwaonya wamkaribie Mola wao na kumtii, wakiwakumbusha wafalme waliotangulia. Akataja jina walilomwita Mungu, akalieleza kuwa maana yake ni Mola Mkuu.

Wahubiri wapo, hotuba zipo, hofu ya Mungu ipo, na kumbukumbu ya waliotangulia ipo. Ila sharia hakuna, kwa kipimo cha mtu wa Baghdad wa karne ya 10. Ndiyo kusema Al-Masudi hakuwa akitafuta imani. Imani aliiona na akaiandika bila chuki. Alitafuta hukumu iliyoandikwa, mpango wa halali na haramu, kitabu. Kipimo hicho hakikuwa chake peke yake. Kimo ndani ya neno dini tangu asili yake.

Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kina ndugu wengi. Katika Kiakadi cha Babeli ya kale neno la aina hiyo lilikuwa na maana ya hukumu. Katika Kiebrania lipo mpaka leo: mahakama ya kidini ya Kiyahudi huitwa nyumba ya hukumu, kwa neno hilo hilo din. Upande wa Uajemi, wafuasi wa Zoroaster walikuwa na neno linalofanana nalo kwa sauti, lenye maana ya imani na dhamiri, na wataalamu wengi wanaona kwamba maana ya Kiarabu ilitajirika kwa kukutana nalo. Na ndani ya Kiarabu chenyewe, herufi zile zile tatu za shina zinazaa neno jingine ambalo Mswahili hulitamka kila siku dukani: deni. Dini na deni ni watoto wa tumbo moja. Anayedaiwa yuko chini ya hukumu ya anayemdai. Mwenye dini anajua kwamba ana la kulipa na siku ya kulipa inakuja. Ndiyo maana katika sura ya kwanza ya Kurani, ile ambayo kila Mwislamu huisoma katika kila rakaa, siku ya kiyama imetajwa kwa neno hili hili, na wafasiri wa Kiswahili huiita Siku ya Malipo.

Kuna mahali pengine katika Kurani panaponivutia zaidi kwa habari ya Pujini. Katika Sura Yusuf, Nabii Yusuf anataka kumzuia nduguye abaki naye Misri, na inaelezwa kwamba kwa dini ya mfalme asingeweza kumzuia ila apendapo Mungu. Dini ya mfalme hapo si namna mfalme huyo alivyoabudu. Ni sheria yake, taratibu za utawala wake, namna mwizi anavyohukumiwa katika nchi yake. Mtu wa karne ya 15, aliyesoma chuoni hapa Pemba na kufundishwa tafsiri na mwalimu wake, angeweza kulifahamu neno kwa upana huo. Mtawala mwenye siwa ana dini yake kwa maana hiyo: ana haki ya kudai utii. Anawakama watu, ama kwa haki ama kwa dhuluma, na hadithi za Pujini zinasema ilikuwa dhuluma.

Uislamu ule haukuwa mgeni wala haukuwa wa juu juu. Katika kisiwa cha Pate, chini ya msikiti wa ijumaa wa Shanga, mwanaakiolojia Mark Horton alichimbua mfululizo wa misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo ikiwa ya miti, tangu karne ya 8. Kibla cha msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kina maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107. Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwasifu watu wake kuwa wachamungu wanaofuata madhehebu ya Shafi. Kule Chwaka ya Tumbe, LaViolette na Jeffrey Fleisher walichunguza mji wenye misikiti kadhaa, iliyojengwa na kujengwa upya. Kwa hiyo mtu aliyeshuka ngazi za Pujini hakuwa mpagani aliyejificha. Alikuwa Mwislamu, mtoto wa Waislamu, tena huenda kwa karne nyingi.

Alikuwa na nini basi kule chini? Alikuwa na wazee wake. Mzimu ni neno la Kibantu, na ni la zamani mno. Waganda wanalo, omuzimu. Wanyarwanda wanalo, umuzimu. Wachewa wa Malawi wanalo kama sisi, mzimu. Kote huko ni roho ya aliyekufa ambaye hakuondoka kabisa. Katika Kiswahili cha visiwani neno limeongeza maana, likawa pia jina la mahali: pango, mbuyu, gofu, kisima, ambapo waliotangulia husemeshwa. Wanaotunza mahali hapo huitwa wavyale, wazawa wa ukoo wa waliolifungua konde la kwanza, na kazi yao haikuwa miujiza. Mvyale alijua lini pori lifyekwe, nani apewe ardhi, lini mji uzungushwe ng'ombe ili mvua inyeshe na maradhi yaondoke. Ukitazama kwa makini, mvyale naye alishughulika na deni. Ardhi ilifunguliwa na watu. Anayeila leo anadaiwa na waliotangulia.

Katika msamiati wetu, mambo haya yote tumeyaweka katika kapu la mila. Na mila, kwa ajabu, nalo ni neno la Kurani. Milla ya Ibrahimu ni njia ya Nabii Ibrahimu, njia ya kumwabudu Mungu mmoja. Kwa Waturuki wa dola ya Uthmani, neno hilo hilo lilitaja kila jamii kwa dini yake: Wagiriki, Waarmenia, Mayahudi, kila mmoja na milla yake chini ya Sultani. Lilipofika kwetu likashuka daraja. Dini ikabaki na kitabu. Mila ikapewa ngoma, jando, mzimu na mwaka wa kilimo. Maneno mawili yaliyokuwa majirani wa karibu huko Arabuni yakatenganishwa na Waswahili, ili yafanye kazi ambayo Waswahili walihitaji ifanywe. Hapo naona akili kubwa ya wazee wetu. Walikuwa na mambo mawili wasiyotaka kuacha lolote kati yake, wakatafuta maneno mawili ya heshima, yote ya Kiarabu, wakayapa kila moja nyumba yake.

Huko Ulaya neno jingine lilikuwa linasafiri safari yake. Warumi walikuwa na religio. Cicero, katika kitabu chake kuhusu miungu cha mwaka 45 kabla ya Kristo, alilifasiri kwa kitendo cha kusoma tena na tena, kurudia kwa uangalifu yale yanayohusu ibada. Karne tatu na zaidi baadaye, Lactantius, Mkristo, alimpinga: asili yake, alisema, ni kufunga, kwa kuwa mtu amefungwa kwa Mungu kama kwa kamba. Nani kati yao alikuwa sahihi bado inabishaniwa, lakini Wakristo walipenda tafsiri ya Lactantius na ndiyo iliyoenea. Katika Zama za Kati mtu aliyesemwa kuwa wa religio alikuwa mtawa, aliyejifunga kwa nadhiri. Hakukuwa na wazo la dini nyingi zilizopangwa kwenye rafu moja. Wazo hilo lilikuja na damu. Baada ya Luther mwaka 1517, watawala wa Ujerumani walipigana mpaka mwaka 1555, walipokubaliana huko Augsburg kwamba mwenye kutawala nchi ndiye atakayechagua kati ya Ukatoliki na Ulutheri kwa ajili ya watu wake. Dini ya mfalme, tena. Kuanzia hapo neno likawa la wingi, na kila dini ikadaiwa ionyeshe kitabu chake, mwanzilishi wake, makasisi wake na orodha ya mambo yanayoaminiwa. Mwanachuoni wa Kanada, Wilfred Cantwell Smith, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1960 jinsi dhana hiyo ilivyo changa, na akapendekeza neno lenyewe liachwe, tuseme imani ya watu na mapokeo yao.

Wazungu walipoizunguka dunia waliibeba dhana hiyo pamoja na mizigo mingine. Mreno Duarte Barbosa, akiandika kiasi cha mwaka 1517 kuhusu visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba, aliwasifu watu wanaovaa hariri na pamba nzuri zilizonunuliwa Mombasa kwa wafanyabiashara wa Cambay, akawaita wote Wamoro, jina ambalo Wareno waliwapa Waislamu wa kokote. Hakuwaita Wapemba wala Waswahili. Hata Japani, karne ya 19, wakuu wa serikali walilazimika kupata neno la Kijapani la kutafsiri religion katika mikataba na mataifa ya Magharibi, kwa sababu hawakuwa na moja lililobeba mzigo huo wote.

Kwetu neno lilikuwepo. Mmisionari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA Unguja mwaka 1864, walikuta lugha yenye dini, sala, imani, dhambi, sadaka, malaika na shetani. Wakayachukua yote. Askofu Steere wa UMCA na wenzake hawakuhitaji kuunda msamiati wa Ukristo wa Kiswahili. Waliuazima kwa Waislamu, na Mkristo wa Songea au Bukoba anayesali leo anatumia maneno yaliyopita madrasa kabla hayajapita kanisani. Nalitaja hili kwa furaha, maana ni mojawapo ya mambo yanayotuunganisha bila sisi kuyatia maanani.

Pemba yenyewe ilipata wamisionari wa aina ya pekee. Mwaka 1897, serikali ya Sultani ilipofuta hadhi ya kisheria ya utumwa, Marafiki wa Uingereza, waitwao pia Quaker, walianzisha misheni ya kazi hapa kisiwani ili kuwapokea walioachiwa huru. Hawa ni Wakristo wasio na kasisi, wasiobatiza kwa maji, wanaokaa kimya katika ibada mpaka mmoja wao aguswe rohoni kusema. Kwa kipimo cha Al-Masudi, na hata kwa kipimo cha Wakristo wengi wa Ulaya, walikosa nusu ya vitu vinavyohesabiwa kuwa dini. Lakini serikali haikuwa na shaka kwamba wanayo. Mvyale wa Pujini, mwenye mahali, siku, maombi na wazee wa kuyasimamia, hakuhesabiwa hivyo. Tofauti kati yao haikuwa katika imani. Ilikuwa katika nani aliyeshika kalamu.

Kalamu hiyo iliipaka Pemba rangi moja tu. Mwandishi Evelyn Waugh, katika kitabu chake cha mwaka 1931, alirudia habari kwamba waganga wa Pemba hufuatwa na wanafunzi kutoka maziwa makuu na hata Haiti. Sifa hiyo imeganda, na msafiri wa leo bado huisoma kabla hajashuka bandarini Mkoani. Ni nadra kusoma katika vitabu hivyo kwamba mganga huyo huyo huandika aya kwa zafarani katika kombe, akazifuta kwa maji ya waridi, akampa mgonjwa anywe. Au kwamba maombi ya mzimuni hufunguliwa kwa Fatiha. Kwa waandishi hao ama ni dini ama ni uchawi.

Wapo Waafrika walioamua kulinyakua neno. Magharibi ya Kenya, katika miaka ya 1940, Elijah Masinde wa Wabukusu, ambaye alikuwa amelelewa katika kanisa la dhehebu hilo hilo la Marafiki, lililoanzishwa Kaimosi mwaka 1902, alisimamisha harakati aliyoiita Dini ya Msambwa. Misambwa ni roho za wazee wa kabila lake. Angeweza kusema mila. Alisema dini, akadai kwa neno hilo usawa na kanisa lililomlea, na akawataka Wazungu waondoke. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku mwaka 1948. Kila nikiikumbuka harakati hiyo naiwaza Pujini, maana Wapemba hawakuchukua njia hiyo. Hawakuwa na haja ya kuuita mzimu dini. Dini walikuwa nayo, na haikuwa ya mkoloni.

Changamoto kwa mzimu, hapa visiwani, ilitoka ndani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwataka Waislamu waisafishe dini yao na yasiyokuwamo. Mwanafunzi wa fikra zake, Sheikh Abdullah Saleh Farsy, Kadhi wa Zanzibar tangu 1960 hadi 1967, aliipa Afrika Mashariki tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969, na akaandika dhidi ya bidaa kwa lugha ambayo kila mtu aliielewa. Hoja yao naiheshimu. Walisema kwamba anayemwomba mwingine pamoja na Mungu amemfanyia Mungu mshirika, na neno ushirikina likapata makali mapya. Wala hawakuwa wakiiga wakoloni. Walikuwa wakiyarudisha maneno kwenye shina lake, pale ambapo mwenye kudai ni Mmoja.

Ninachokataa ni kuirudisha hukumu hiyo nyuma miaka mia tano na kuibandika kwenye ngazi za Pujini. Aliyeifinyanga siwa katika chokaa hakuwa amesimama kwenye mpaka akichagua upande. Mpaka haukuwa umefika hapo. Mbele yake kulikuwa na Mola mmoja, kulikuwa na mtawala anayedai utii, na kulikuwa na waliolifungua konde wanaodai kukumbukwa, na madai yote matatu yalikutana katika chumba kimoja. Kukiita chumba hicho ushirikina ni kukisoma kwa kamusi ya karne ya 20. Nao wasomi wanaokiona kuwa masalia ya dini ya Kiafrika iliyosalia chini ya Uislamu wanakosea vilevile, kwa sababu wanaugawa moyo wa mtu mmoja vipande viwili ambavyo yeye hakuvijua.

Serikali zetu nazo zimelishika neno hili kwa tahadhari. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho Tanzania kuwauliza watu dini yao; tangu hapo swali limeondolewa kwenye dodoso. Katiba ya mwaka 1977, kama inavyosomeka sasa, inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, na katika ibara ya 19 inamlinda kila mtu katika imani yake na ibada yake. Maneno hayo huwashtua wageni wa Kiswahili, kana kwamba nchi nzima imekana Mungu. Mwenye lugha anaelewa: hakuna dini ya mfalme. Hakuna mwenye siwa atakayewaamulia wengine.

Na kuna mahali karibu na Pujini ambapo maneno yote haya yamekutana tena kwa kazi ya mikono. Magharibi ya Chake Chake, ng'ambo ya Ras Mkumbuu, kipo kisiwa kidogo cha Misali. Wavuvi husimulia kwamba Nabii Hadhir alipita hapo akataka mkeka wa kuswalia, ukakosekana, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, maana kimeelekea kibla. Kisiwa hicho hicho kina mapango ya mizimu ambayo waganga huyatumia. Katika miaka ya 1990 miamba yake ya matumbawe ilikuwa inavunjwa kwa baruti na nyavu za kukokota, na mwaka 1998 kisiwa kikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Kanuni za serikali zilipoonekana hazitoshi, mashirika ya hifadhi yalimleta Fazlun Khalid, mtaalamu wa Kiislamu wa mazingira kutoka Uingereza, akakaa na maimamu, walimu wa madrasa na wavuvi kusoma pamoja yale Kurani inayosema kuhusu mizani na amana: kwamba bahari si mali ya mvuvi, ameazimwa, na atadaiwa. Khutba za ijumaa zikabeba habari hiyo hadi vijijini. Mapango yaliachwa kama yalivyo, na wavuvi wanaopiga kambi Misali bado wanaomba ruhusa kwa wenyewe wa mapangoni kabla ya kushusha nyavu, kisha wakaswali magharibi mchangani.